Krismasi Ambayo Mama Hakuwasha Jiko

Mjukuu wangu Akinyi,

Sisi ni wazima, na babu yako kikohozi kimemwacha. Umeuliza kama watoto wale chakula cha Krismasi kwako au kwa baba yao, sasa kwa kuwa mmeachana.

Wazazi wangu walipoachana, miaka ya sitini, mama alibaki Nyalenda, baba akahamia Dunga, kando ya ziwa. Krismasi hiyo tulishiba chapati kwa mama, kisha tukala samaki kwa baba tukijifanya tuna njaa. Tukirudi, mdogo wangu alitapika njiani. Mama aliona shati lake, akalivua na kulifua.

Krismasi ya mwaka uliofuata hakuwasha jiko. "Nendeni mkale kwa Baba. Mimi nitapika kesho."

Tulifika na njaa ya kweli. Baba alitutazama tukila, akauliza polepole, "Mama yenu amekula?" Tukamwambia hakuwasha jiko.

Akafunga samaki mkubwa kwenye gazeti, tumpelekee.

Nyanya yako anayekuombea