Ujumbe wa Mama Niuweke Sura ya Ngapi?

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama tu rika moja basi nisamehe, ni mazoea ya kuwa kitindamimba. Mimi ni dobi wa hospitali, mwaka wa ishirini na mbili sasa nafua na kukunja mashuka, na nimeandika kitabu, au tuseme nimeandika madaftari matano ambayo nataka yawe kitabu, habari za maisha yangu na za nyumba yetu, na shida yangu watu wataiona ya kitoto, yaani sijui nianzie wapi, lakini naomba unisikilize mpaka mwisho.

Nilianza na babu alivyozaliwa, nikaja kwa bibi, nikaja kwa baba alivyojifunza ufundi wa saa, kila mtu nikampa sura yake, nikampelekea mwalimu mstaafu ambaye ni jirani yetu anisomee, akakaa na madaftari mwezi mzima, akanirudishia akisema kwa upole kwamba ameizunguka nyumba yote na hajauona mlango. Akanishauri kila tukio niliandike kwenye kadi yake, nizitandaze mezani nizipange upya. Basi mchana, mashine zikizunguka na mvuke ukijaa chumba mpaka madirisha yanakuwa meupe kama maziwa, nikazitandaza juu ya meza ya kukunjia, na kila nikizipanga inabaki moja mkononi, haina pa kukaa, na nikiitazama, ule mvuke unageuka ukungu wa asubuhi moja nilipokuwa na miaka tisa.

Asubuhi hiyo mama aliniamsha kwa kunigusa unyayo. Kulikuwa kumepambazuka, mwanga chumbani ni wa kijivu laini kama tuko chini ya maji, naye amevaa gauni lake la kijani, viatu kavishika mkononi. Akanipeleka hadi kitandani kwao, baba kalala kaelekea ukutani, akaninong'oneza, "Lala mahali pangu, mwanangu, pasipoe." Nikalala, pana joto lake na harufu ya nywele zake, akanifunika shuka gubigubi, kisha akainama tena akasema, "Mwambie dada yako si kwa sababu yake." Nikasinzia. Baba alipoamka akaona mtu kajifunika, akavaa polepole asimsumbue mkewe, akaenda zake kazini, nami nilipozinduka nikarudi kitandani kwangu bila mtu kuniona. Mpaka mambo yanajulikana, jua liko utosini, na mama hatujamwona tena hadi leo.

Dada yangu alikuwa na miaka kumi na minne, na jana yake aligombana na mama juu ya vyombo visivyooshwa akamjibu vibaya, kwa hiyo nyumba nzima ikasema yeye ndiye aliyemfukuza, shangazi akamwambia hivyo mbele ya watu, naye hakujitetea, akaacha shule, akanipikia, akanisuka, akanilea, leo ni fundi cherehani na ni mwaka wa thelathini na minane amebeba mzigo huo, na ule ujumbe, mshauri, sikuufikisha. Mwanzoni niliogopa kuchapwa kwa kulala pale, baadaye nikaogopa kuulizwa kwa nini nilinyamaza, halafu miaka yenyewe ikawa ndiyo inayotisha.

Nimejaribu kuificha asubuhi ile sura ya tisa, nimejaribu kuiandika kama ndoto, nimejaribu kuandika "msichana mmoja." Mwalimu, niliyemwonyesha kadi hiyo na ambaye hajui kwamba dada hajui, anasema ndiyo iwe ukurasa wa kwanza. Na sasa dada kasikia naandika, kafurahi, anawatangazia wateja wake, na ameomba nimpe huo ukurasa wa kwanza tu ausome. Niiweke mwanzo, katikati, mwisho, au niitoe kabisa?

Mdogo Mtu

*

Marahaba, Mdogo Mtu. Barua yako ina wiki sita mezani kwangu. Sikuichapisha kwa sababu dada yako naye husoma gazeti hili, na sikutaka akutane na mama yake hapa kabla hajasikia kwako. Nilikujibu mstari mmoja kwa anwani uliyoweka: mfikishie ujumbe kwanza, kwa mdomo. Ulikasirika. Ukaniandikia kwamba umeuliza habari za sura, hukuuliza habari za dada.

Lakini ulikwenda, na kwa ruhusa yenu wote wawili nawaeleza wasomaji. Ulimkuta mchana anashona pindo la pazia. Ukasema yote umesimama. Hakuinua macho, mguu ukaendelea kukanyaga, pazia likapita lote chini ya sindano, na kumbe uzi ulikuwa umekatika, anatoboa kitambaa kitupu. Ndipo akasema, "Rudia alivyosema." Ukarudia. Akakutaka urudie tena. Mara ya tatu akajifuta uso kwa pazia la watu, akakuomba uondoke. Siku kumi na moja hakupokea simu yako. Ya kumi na mbili akapiga mwenyewe, na hakusema amekusamehe. Alisema, "Andika. Ila usinifanye malaika. Yale niliyomjibu mama, yaweke kama nilivyoyasema."

Sasa tuzungumze kitabu. Mtoto wa miaka tisa simlaumu hata kidogo, nani angemlaumu? Mtu wa miaka arobaini na saba aliyetaka dada yake akapate haki yake kwenye sura ya tisa, huyo namgombeza. Na pa kuanzia ulikuwa unapajua siku zote. Babu ulimweka mbele akuzibie.

Mwalimu yuko sahihi, anza na asubuhi ile. Isimulie kwa macho uliyokuwa nayo, akili ya leo isiingilie. Kisha tembea na nyumba yenu siku kwa siku, wao wakiamini hivi na wewe ukijua vile. Msomaji atafunua kurasa kwa sababu hiyo tu. Babu na bibi waingie wanapohitajika, aya mbili wapumzike. Kila sura iwe na jambo lililobadilika kabla haijaisha. Sura isiyobadilisha kitu iunge na mwenziwe au itupe, hata kama imeandikwa vizuri, na wewe unaandika vizuri mpaka unajipoteza humo. Mama yenu alikwenda wapi, na kwa nini? Hujui. Andika hivyo hivyo kwamba hujui, usimtungie mawazo. Sura zinazomhusu dada msomee kabla hazijatoka, na akikataa jambo, andika kwamba amelikataa.

Kwenye barua yako ya mwisho unasema ungependa kitabu kiishe mmekumbatiana. Hamjakumbatiana, kwa hiyo usiandike. Kiishie mlipofika kweli, kwenye ile simu. Jumamosi andika kurasa tatu, zisizidi. Jumapili nenda kwa dada yako ukae naye, na daftari uliache nyumbani.