Jina Kwenye Ovaroli

Karatu, 3 Juni 2024

Mama mkwe mpenzi,

Shikamoo. Mifugo haijambo huko Oloipiri? Sisi wazima, na mimi nina furaha hata naona aibu. Miezi miwili ya ndoa, na bado nikisikia hatua za Lesiamon mlangoni moyo unaruka.

Mwanao haoshi tena magari ya watalii stendi. Amepata nafasi kwenye mafunzo ya vijana wasio na ajira. Kila mmoja hupewa fundi wa kumlea kazini. Mlezi wake ni Mzee Yohani wa gereji. Amempa ovaroli ya mwanafunzi wake wa zamani, imeshonwa NGOITIKO kifuani. Mzee humwita hivyo kwa mazoea, na mume wangu huitika. Nami namtania: Ngoitiko wangu!

Mkweo,
Blandina

Oloipiri, 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mifugo haijambo. Mwalimu Kakenya alinisomea barua yako kwa sauti. Alipofika kwenye lile jina la kifuani, baba mkwe wako alitoka nje.

Kwetu jina la marehemu halitamkwi. Mwenye jina hilo ni kifungua mimba wangu, kaka wa mumeo. Alijifunza ufundi hapo hapo Karatu, kwa huyo huyo Mzee Yohani. Gari alilokuwa akilijaribu lilitumbukia bondeni, barabara ya kushuka kreta wanakokwenda watalii, siku ya ukungu. Lesiamon akiitika jina hilo, ni nani anayeitika? Mvue nguo hiyo.

Mama yako

Karatu, 22 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, sikujua, mume wangu hakuwahi kuniambia. Nimefumua nyuzi zote, lakini kitambaa kilichokuwa chini yake hakikupauka. Jina bado linasomeka.

Lesiamon alinikuta na sindano. Akasema taratibu, "Niliiomba mwenyewe. Nikiivaa, Mzee hanifichi siri yoyote ya ufundi."

Tarehe mosi atashuka kreta kuvuta gari lililoharibika. Akifaulu, anaajiriwa. Nifanyeje?

Mkweo,
Blandina

Oloipiri, 27 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Mshonee jina lake juu ya lile, kisha mwite. Akiitika, niandikie.

Mama yako

Karatu, 2 Julai

Mama,

Shikamoo. Nilishona LESIAMON kwa uzi mwekundu. Jana asubuhi nilimwita akitoka, hakugeuka. Siku nzima sikula.

Jioni walirudi na gari wamelivuta. Nikamwita tena, getini pa gereji. Akasimama, akajitazama kifuani, ndipo akasema, "Naam, mke wangu."

Ameajiriwa, Mama. Nilitaka kumshukuru Mzee Yohani, lakini hakunisikia. Alikuwa amesimama kando, anautazama ukungu wa mlimani kama anayesubiri gari la pili, lile lisilorudi.

Mkweo,
Blandina