Ghala Lililonisifia

Guku Masunga,

Mwangaluka, babu. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha mwenyewe kwamba anayeanza somo bila salamu arudi mlangoni aingie upya. Basi nimeingia. Ni mimi Kabula, muuza dagaa wako, yule uliyekuwa ukimwita "mayu" kwa heshima zote na papo hapo ukimsema kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Nakuandikia asubuhi, kabla sijafungua meza yangu sokoni, kwenye daftari lile lile ulilonikataza kuandikia maneno ya nyimbo. "Wimbo unakaa tumboni, daftari ni la karani." Haya, leo si wimbo. Nina habari, na nyingine zitakuudhi, kwa hiyo kaa vizuri.

Tangu tukuzike wakati wa palizi, ghala lako halijaona pamba. Sikutanii. Msimu ulipofunguliwa wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao, wakaitundika kwenye miti kandokando ya barabara, na watu wakageuzia mikokoteni huko huko. Nani angeipeleka pamba yake chama cha msingi, akae akisubiri lori la ushirika lisilojulikana siku yake? Wewe ulitunza lile ghala, unajua jinsi magunia yalivyokuwa yakilala mle mpaka mvua zinarudi. Sasa ni sakafu tupu na popo. Katibu wa chama anatafuta mtu wa kulipanga kwa kodi. Ufunguo ananiachia mimi asubuhi, maana anajua ulikuwa ukinifundishia mle.

Watu bado wananiuliza nilikupataje. Siku hizi kila mtu hapa Bariadi anatafuta mwalimu wa kitu, tuisheni ya hesabu, tuisheni ya Kiingereza. Mimi nilitafuta wa kuimba. Kwaya ilikuwa imeniweka safu ya nyuma kwa sababu sauti yangu ilikuwa inakatika ikipanda, na mwalimu wa kwaya hana nafasi ya kukaa na mtu mmoja mmoja. Nikaanza na yule kijana mwenye kinanda karibu na stendi. Siku ya kwanza alinipigia kaseti akaniambia niimbe kama dada wa kwenye kaseti. Siku ya pili vivyo hivyo, ila kaseti nyingine. Nilikaa kwake mwezi mzima na hakuniambia hata mara moja kwamba nimekosea. Nilitoka pale na sauti za wanawake watatu, yangu haimo.

Wewe nilikusikia tu, siku nilipopeleka dagaa kwa wapakiaji wa ghalani. Ulikuwa unawaimbia ili waende pamoja, kama ulivyowaimbia watu wa jembe ujanani ulipokuwa manju wao, kiongozi wa nyimbo, na gunia lilipanda begani kwenye neno lile lile kila safari. Mzee mzima, umesimama katikati ya vumbi la pamba, na sauti haikwaruzi! Nikasema moyoni, huyu hapa.

Ukanikatalia. Nikarudi, ukaniambia niimbe, nikaimba wimbo wangu ninaoujua kuliko zote, mwanzo mpaka mwisho, kwa madaha. Ukauliza, "Umekosea wapi?" Nikasema sijakosea popote. "Basi huna cha kujifunza, nenda ukauze dagaa." Nililia njia nzima, sasa nakwambia, maana ulipokuwa hai nisingekupa hiyo raha. Niliporudi mara ya tatu sikuimba. Nilikwambia ninapokatika ni mpando wa tatu, sauti inapopanda mara ya tatu, kwa sababu pumzi naimaliza kwenye wa pili nikijionyesha. Ukasogeza gunia nikae.

Masharti yako nayashika hadi leo. Nisipige kelele sokoni kuita wateja, kwa kuwa sauti ninayo moja tu. Mpaka sasa nagonga mfuniko wa debe, na wenzangu wameniita Mama Debe, jina limeshika kuliko la ubatizo. Nije kila siku, kwa muda wa uji kuchemka tu, nisije Jumamosi moja nikaimba mpaka nikauke halafu nikapotea wiki. Na nisianze mwanzo wa wimbo. "Kila siku unapalilia palipokwisha kupaliliwa, na magugu yako kule unayaona." Ukanianzisha pale pale panapokatika, neno moja, polepole, kisha neno la kabla yake, tukirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka wimbo ukakamilika kinyumenyume. Na kile kipande cha pamba ulichonishikisha mbele ya midomo! Kitikisike, kisiruke. Kikiruka, pumzi imetoka bure. Nilitamani kukila.

Halafu tukimaliza hukunisifu. Ulisema "Kesho," ukachukua ufunguo wako. Misimu miwili, neno moja. Hata siku ile ya mwisho, umelala kwako huwezi kuinuka, nimekuimbia mipando yote mitatu bila kukatika, nikakaa nikikuangalia mdomo. Ukasema "Kesho." Na kesho yake tukakulilia. Guku, hilo nilikuwa na hasira nalo muda mrefu. Ungenipa neno moja tu.

Sasa lile la kukuudhi. Mwalimu wa kwaya aliupenda ule wimbo wako wa palizi, ule uliotunga mwenyewe, akaniomba maneno mapya yapandishwe juu yake ya kumshukuru Mungu. Najua, wewe kanisani uliingia mara moja, tena kujikinga mvua. Lakini ulipokuwa hai nilikuuliza, ukasema wimbo hauulizi dini, ukageuka upande ili nisione unavyocheka. Kwaya ikaamua kutoa kaseti. Fundi wa kurekodi aje kutoka Mwanza na mashine zake, na wimbo wako uwemo, kama tu atapatikana wa kuuongoza. Ile mipando mitatu haina mtu kwenye kwaya yetu isipokuwa mimi. Nikishindwa, wimbo unaachwa. Na wewe hujawahi kuingia kwenye kaseti yoyote. Mtu asipouimba huo, umekwisha nawe.

Nikajiandaa ghalani kila asubuhi, na nikashangaa. Sauti ilikuwa kubwa! Ilijaa ukuta hadi ukuta, mpando wa tatu ukakaa juu huko bila mimi kuhangaika. Nikaacha kipande cha pamba, cha nini? Nikaanza kuimba toka mwanzo wa wimbo, maana palikuwa patamu. Nitakwambia ukweli, nilisema kwa sauti, peke yangu, "Guku, nimekupita."

Siku ya majaribio mwalimu wa kwaya alitusimamisha uwanjani nje ya kanisa, kwa sababu fundi alikwishasema bati la kanisani linarudisha sauti, tutarekodia nje. Nikafungua mdomo. Mpando wa kwanza ukaenda, wa pili ukalegea, wa tatu ukakatika pale pale pa zamani, mbele ya kwaya yote, na kijana mwenye kinanda alikuwepo. Mwalimu wa kwaya hakunitukana, ni mtu mpole. Alisema tutajaribu tena baada ya wiki mbili, na ikishindikana watauweka wimbo mwingine. Nilisingizia upepo. Upepo wenyewe haukuwepo.

Kesho yake nikarudi ghalani, nimenuna, nikakohoa. Ghala likakohoa pia.

Nilisimama pale nikaona aibu yote kwa mara moja. Misimu miwili nilidhani unanifundishia kati ya magunia kwa uvivu wa kuondoka kazini. Nikakumbuka ulivyonijibu siku niliyolalamika kwamba mle sauti yangu inamezwa: "Ndiyo maana tuko humu. Pamba haitakusifia." Pamba ilikuwa inaniachia kile nilichotoa, basi, hakuna nyongeza. Ghala tupu lilikuwa linanisifia siku nzima, na mimi, niliyekulilia kwa kukosa sifa, nilizinywa zote.

Pamba sasa naipata wapi? Nilikwenda kwa mnunuzi mmoja, mlinzi wake akaniuliza nataka kuiba au nataka kulala. Nikamwachia jirani meza ya dagaa, nikapanda gari mpaka Maswa, nikaenda Sola kwa kaka yangu Shija. Yeye alikuwa hajauza. Anangoja bei, siku hizi wakulima nao wamejua kungoja, na chumba chake cha kulala wageni kilikuwa kimejaa pamba hadi karibu na paa. Nikachimba nafasi katikati nikakaa. Wifi yangu alifikiri nimefiwa upya. Nikaanza neno moja, pale panapokatika, kipande cha pamba mbele ya midomo, polepole, muda wa uji kuchemka, asubuhi na jioni. Siku mbili za kwanza nilisikia sauti yangu halisi na sikuipenda. Siku ya tatu nikaacha kuichukia. Siku ya saba mnunuzi akaja, kaka akauza, wakapakia kila kitu nimesimama mlangoni nawatazama. Nikaomba kiganja kimoja cha pamba, nikakifunga kwenye pindo la kanga. Sikuwa na wasiwasi tena. Panapokatika nilikuwa napajua, na najua cha kupafanyia.

Majaribio ya pili sitakusimulia, utaniona najisifu. Wimbo wako umo.

Jana tumerekodi. Fundi alitaka uimbwe mara moja, tukauimba mara moja. Nilipofika mpando wa tatu, pumzi ilikuwepo na nyingine ya akiba. Alipomaliza akanivalisha vile vifaa vya masikioni nisikilize. Guku, nilikuwa sijawahi kujisikia kwenye mashine. Nilidhani nitasikia wewe, na kweli mwendo ni wako, ule wa kupandisha gunia begani, lakini sauti ilikuwa yangu, mimi mwenyewe, hakuna mwanamke wa kaseti ndani yake. Nikalia bila kujificha. Mwalimu wa kwaya akasema safi sana. Wote wakasema safi sana, wakapiga makofi. Nami nikabaki nimesimama, nimevaa vile vifaa, nangoja mtu aseme "Kesho." Hakuna aliyesema. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa kweli, na kwamba kwa misimu miwili ulikuwa unaniambia nirudi, jambo kubwa kuliko safi sana. Hasira yangu imeisha. Wabeja, Guku, asante.

Tulipokuwa tunatawanyika, Milembe wa safu ya nyuma alinifuata, akaniomba nimfundishe. Nikamwambia imba. Akaimba, mwanzo mpaka mwisho, kwa madaha yote. Nikamuuliza, umekosea wapi? Akasema hajakosea popote. Nikamwambia basi hana cha kujifunza. Ameondoka amevimba. Namjua yule, atarudi.

Nakuahidi, nitamfundisha kama ulivyonifundisha. Nimekwishamwomba kaka Shija msimu ujao aniachie magunia machache asiyauze mapema, nitayapanga nyumbani kwangu kuzunguka kigoda kimoja. Ufunguo wa ghala leo namrudishia katibu. Lala pema, mzee wangu. Dagaa wananingoja, na mfuniko wa debe.

Kesho.

Kabula wako