Gazeti la Mwisho la Kaka Yako

Chumba cha cherehani,
Nyumba ya kona, nyuma ya soko.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa wifi,

U hali gani huko, na magoti ya mama mkwe yanaendeleaje? Niliposikia kwamba sasa anafika getini bila mkongojo nilifurahi sana, ila mwambie asijaribu ngazi. Mapacha wako je, yule wa kukohoa amepona? Mimi mzima, macho tu ndiyo yananisumbua kutunga uzi. Binti yangu aliniletea miwani mipya, lakini naivaa nikikumbuka.

Kazi zipo. Shule zimefunguliwa na nina sare arobaini na mbili za kukata, sketi zote za marinda. Paa lile lililokuwa likivuja juu ya meza ya kukatia limezibwa. Chumba cha mbele, saluni ya kaka yako, bado anakiendesha kinyozi mwenzake. Kiti cha dirishani hakikaliwi. Si kwamba tumekataza, watu wenyewe tu wanakipita.

Mwezi jana ulinipigia ukaniuliza kuhusu lile gazeti alilokuwa nalo hospitalini. Nilikujibu kwamba wauguzi walilitupa. Wifi, nilikudanganya. Gazeti lipo. Limekaa kwenye droo ya cherehani, chini ya boksi la vifungo, tangu wiki tuliyomzika. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ningekudanganya tena.

Acha nieleze tangu mwanzo, hata kama mengine unayajua kuliko mimi. Hilo ndilo linaloniuma.

Unakumbuka kila siku saa saba mchana? Huku simu ilikuwa ikilia, kaka yako anaweka mashine chini, anachukua kalamu na gazeti, ukurasa wa fumbo la maneno. Hata mteja awe na kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, atasubiri. "Tulia hapo mzee, naongea na Kitinda." Halafu mnaanza. Nane wima. Kumi na moja wima. Mnabishana, mnacheka. Ukuta kati ya saluni na chumba changu ni wa mbao, nasikia kila kitu. Mimi nina pini mdomoni, siwezi hata kucheka.

Siku moja tu, miaka mingi iliyopita, nilimwomba anifundishe lile fumbo. Akasema, "Wewe si una cherehani yako?" Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku hiyo sikuuliza tena, na kila ikifika saa saba nilikuwa nakanyaga pedali kwa nguvu ili nisisikie.

Alipofariki, muuza magazeti aliendelea kulitupa gazeti mlangoni asubuhi kama kawaida. Nilishindwa kumwambia aache. Likarundikana. Siku moja nikafungua ukurasa ule, nikachukua penseli ya kuchorea vitambaa, nikakaa. Sikupata hata neno moja. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikakuta swali: Dada wa mume, herufi nne. Nilicheka peke yangu mpaka nikalia. Yaani wifi, neno la kwanza kulipata maishani mwangu ni wewe! Nilitaka kulifuta.

Basi nikanogewa. Kinyozi alipoona, akaniletea katoni ya sabuni iliyokuwa chini ya kabati la taulo. Ndani yake kuna mafumbo ya miaka kumi na moja, kayakata yote kwa mkasi wa nywele. Nikayafanya kitabu changu cha shule. Niliona yeye anajaza maneno ya mlalo tu, yale yanayokwenda pembeni. Ya wima, yanayoshuka, hayaandiki kabisa. Nikadhani ndivyo fumbo linavyochezwa. Wiki nne nzima nilijaza mlalo, nikafunga gazeti, nikajiona nimemaliza.

Aliyenizindua ni yule mzee karani mstaafu wa mahakama, tunamwita Mzee Kalamu, anayekuja kunyolewa kila Ijumaa. Alichungulia kazi yangu akauliza, "Shemeji, na huku chini je?" Nikamjibu kwamba huko hakujazwi, hata marehemu alikuwa hajazi. Akaangua kicheko. "Huko kulikuwa kwa dada yake! Mlalo wa kaka, wima wa dada, saa saba wanakutana. Saluni nzima tunajua. Wewe ulikuwa huishi humu?"

Nilikuwa naishi humu. Miaka ishirini na sita.

Wifi, sitakuficha. Nilikuonea wivu mpaka chakula hakikushuka. Miaka kumi na moja, na kila siku nusu ya karatasi imeachwa wazi kwa ajili yako. Nikayapekua yote tena, nikitafuta kama kuna mahali amenikumbuka mimi. Nikakuta moja ambalo hata mlalo wake una pengo. Swali lilisema: Mshono wa muda kabla ya cherehani, herufi tano. Pengo tupu. Bandi, wifi! Mimi ninapiga bandi kila siku ya Mungu. Angegonga ule ukuta tu ningemwambia, tena bila kutoa pini mdomoni. Akaona bora liwe tupu. Pengo lile liliniuma kama kidole kilichochomwa sindano.

Sasa nije kwenye gazeti lenyewe. Asubuhi ya operesheni alinituma nikamnunulie getini. Akajaza mlalo wake wote, herufi zinatoka nje ya vyumba. Saa sita na nusu wakaja kumchukua. Kitanda kimeshaanza kusukumwa, akageuka akaniambia, "Nikichelewa, msomee Kitinda. Halafu mpelekee hilo." Hakurudi. Maneno ya mwisho aliyoniambia mimi mkewe yalikuwa yako. Saa saba simu yake ililia mkobani mwangu. Niliona ni wewe. Sikupokea. Nisamehe. Ulidhani nilikuwa nimechanganyikiwa na hali yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa na akili timamu, na roho mbaya.

Kwa hiyo nikalificha. Baadaye, nilipokwisha kujifunza, nikafanya jambo baya zaidi. Nilikaa mchana, mlango nimeufunga, nikajaza wima yako. Siku tisa zilinichukua. Nilitaka fumbo lake moja liwe letu sisi wawili, yeye na mimi, bila wewe. Nikalimaliza lote, wifi, hata lile la jina la kale la mzani nililomvizia Mzee Kalamu alitaje bila kujua.

Nilipomaliza nikalitazama. Kalamu yake nyeusi inakwenda pembeni, penseli yangu inashuka. Halikunipa raha niliyoitarajia. Lilikuwa kama kuvaa nguo niliyomshonea mteja. Mshono wangu, vipimo vya mwingine.

Siku hiyohiyo nilikumbuka kitu. Kila asubuhi, kabla hajafungua saluni, kaka yako alikuwa anachukua chaki yangu ya kuchorea nguo na kuinoa kwa wembe wa jana, mpaka makali yake yawe membamba kama kucha. Anaiacha juu ya mkasi wangu. Kila asubuhi, wifi, hata asubuhi tuliyokorofishana. Je, uliwahi kulijua hilo? Najua hukulijua. Na mimi nakuambia makusudi, ili na wewe ulale na kawivu kidogo, japo usiku mmoja.

Chaki ya mwisho aliyoinoa ninayo. Hiyo siitumi.

Lakini gazeti ni lako, alisema mwenyewe. Nimefuta penseli yangu yote kwa ufutio, polepole, nisije nikagusa wino wake. Ukiliinua kwenye mwanga utaona alama za herufi zangu. Usizifuate. Jaza kwa akili yako, kama angekuwa anakungoja kwenye simu. Limo ndani ya bahasha hii, katikati ya vipande viwili vya kadibodi, lisikunjike. Mlalo wake uko salama.

Bado nakuonea wivu. Nilidhani nikishaandika haya utaisha, kumbe umepungua tu, kama nguo iliyofuliwa mara moja. Nivumilie.

Nisalimie mama mkwe, mwambie sketi yake nyeusi iko tayari. Msalimie shemeji, na mapacha, na shangazi wa upande wa pili kama bado ananikumbuka. Binti yangu anakushika mkono, na Mzee Kalamu anauliza hali yako kama mtu uliyesoma naye darasa moja. Mungu akutunze, awape mapacha kifua kizima, na amlaze kaka yako mahali pema.

Ukishapata bahasha, nunua gazeti la siku hiyo. Nipigie saa saba. Siku hizi ikifika saa hiyo natoa pini mdomoni, naondoa mguu kwenye pedali, naweka simu juu ya kitambaa. Wima ni yako, sikunyang'anyi. Mlalo ni wangu sasa, usijaribu hata neno moja.

Wako akupendaye, kijicho chote kikiwemo,
Wifi yako, Fundi.