Kisu Nilichokuficha, Mjomba

Chumba cha mapazia,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Binamu aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unakwenda mpaka kituo cha basi na kurudi bila fimbo, ila ukiona watu wanakutazama unachechemea kidogo ili wakupishe. Nilicheka peke yangu jikoni. Natumaini na macho yako yamepata nafuu, maana barua hii ni ndefu na mwandiko wangu unaujua.

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mama sukari yake imetulia, ingawa chai isiyo na sukari anainywa kama mtu anayemeza dawa. Mume wangu bado yuko kiwanda cha chupa, zamu ya asubuhi. Kelele za mashine zimemharibia masikio, basi nyumbani kwetu tunaongea kwa sauti ya juu mpaka jirani anadhani tunagombana kila siku. Mwanangu mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kutabasamu.

Ningeweza kukupigia. Nimekupigia mara tatu mwezi huu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha huko. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu. Heri karatasi.

Mjomba, katika barua yako ya Aprili uliniuliza kile kisu kinanifaa vipi. Nilikujibu kwamba kinanifaa sana, kwamba ni kifupi, kina mpini wa mbao, kama ulivyonielekeza. Nikaongeza na utani, kwamba sasa mpwa wako naye anatembea na kisu mfukoni kama fundi wa maturubai. Yote yale yalikuwa uongo. Na wakati nakuandikia, mkono wa wifi yangu ulikuwa bado umefungwa bendeji.

Nianzie dukani.

Januari ulinitumia kurasa mbili nzima juu ya kuchagua kisu cha kukunja cha kutembea nacho kila siku. Miaka thelathini ya kukata maturubai ya malori ulinikusanyia mle. Ulisema makali yasizidi urefu wa kidole changu. Ulisema nikifungue, nikandamize mgongo wa kisu kwenye ubao, na kama loki inayozuia makali yasijikunje ikiachia pale dukani, itaniachia na kazini. Ulisema nikitikise nisikie kama kinacheza, na nisitekwe na kinachong'aa. Barua ile niliisoma kwa sauti hapa chumbani, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, huku tunacheka jinsi ulivyochora kisu pembeni kikaonekana kama samaki.

Wifi huyu unamkumbuka, ndiye aliyekushonea kola ya shati asubuhi ya harusi yetu. Sisi tunamwita Kastabini, kwa kuwa ni mdogo wa umbo na kwa kuwa kastabini, kile kikofia cha kushonea, haimtoki kidoleni. Yeye ndiye anayeshona mapazia, mimi ndiye ninayetundika. Nikiwa juu ya ngazi, mkasi uko kwenye mkoba na mkoba uko sakafuni, kwa hiyo kisu kilikuwa kinahitajika kweli.

Nilikwenda duka la vifaa. Mama muuzaji akaniwekea viwili mezani. Kimoja ndicho chako hasa, cha mbao, kifupi, kigumu kufungua. Cha pili kilikuwa cheusi, kirefu, na makali yana tundu la kupitishia dole gumba. Ukikigusa tu kinafunguka, chak. Nyuma yangu walikuwa wamesimama mafundi rangi wawili. Mmoja akasema, "Mama, hicho cha mbao ni cha kumenyea machungwa." Mwenzake akacheka.

Mjomba, mwanamke wa makamo, mama wa watoto watatu, nikaona haya mbele ya watu nisiowajua. Nikachukua cheusi. Mama muuzaji akasema, "Jaribu kwanza loki yake." Nikamjibu kwamba visu navijua. Nikakifungua chak mbele ya wale mafundi, nikatoka kifua mbele.

Wiki ya pili kilinifungia. Nilikuwa nakata utepe wa boksi la reli za mapazia, loki ikaachia, makali yakarudi yakanichana kwenye kucha. Nikasema ni bahati mbaya. Siku chache baadaye kikanifungia tena, nyumbani, nikikata kamba ya gunia. Nikafunga plasta, nikamwambia mume wangu nimechomwa na ndoano ya pazia. Ningeweza kukirudisha. Lakini kukirudisha ni kusimama mbele ya mama yule niliyemwambia visu navijua. Na hapa kazini nilikuwa nimeshazoea kukichezesha mbele ya wateja.

Siku yenyewe ilikuwa Machi, nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Sebule ya madirisha matatu, mapazia rangi ya maziwa. Mgongo ulikuwa unaniuma, basi Kastabini akasema leo apande yeye. Mimi nikabaki chini namsogezea vitu. Kufika dirisha la pili akanyoosha mkono bila kunitazama, akasema, "Wifi, nipe kisu."

Nilikitoa mfukoni. Mwalimu alikuwa amesimama palepale, na dakika chache nyuma alikuwa amekisifia. Nilikuwa na maneno mdomoni, Mjomba. Nilitaka kusema, angalia, kinajifunga. Nikayameza. Nikakifungua chak, nikampa.

Alikata kamba ya kwanza. Ya pili ilikuwa nene, akakaza mkono. Sikusikia kelele. Nilimwona tu anashuka ngazi taratibu, ngazi moja baada ya nyingine, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na pazia nyuma yake limeingia damu toka juu mpaka kwenye pindo.

Mwalimu akauliza, "Imekuwaje?"

Nikasema, "Hakukifungua mpaka mwisho."

Kisu nilikuwa nimekifungua mimi. Kastabini hata hilo hakulikumbuka, kwa maumivu. Alinitazama, kidole nimemzungushia kipande cha bitana, akasema, "Nisamehe wifi, nimekuharibia kazi. Mwalimu, nisamehe, nimekuchafulia pazia." Na mimi nikamwambia usijali. Ndivyo nilivyosema. Usijali.

Hospitali daktari alimuuliza amejikataje, akajibu ni uzembe wake. Alishonwa nyuzi sita kwenye kidole cha shahada, kisha wiki iliyofuata wakamfungua tena kwa sababu mshipa wa kukunjia ulikuwa umekatika. Wameuunga, lakini sasa kidole kinakunjika nusu. Kile kikofia cha kushonea hakikai tena. Sindano anaisukuma kwa kidole cha kati, polepole, na pindo alilokuwa anamaliza kwa asubuhi moja linamchukua siku nzima.

Kwako niliandika kwamba wifi amejikata kidogo kazini.

Wiki tisa nzima habari iliyozunguka katika ukoo ni kwamba alishika kisu vibaya. Mume wangu alimtania kwamba arudi kwenye mkasi wa plastiki wa watoto wa chekechea. Mama mkwe alimsema kwa kutokuwa makini. Mimi nilikuwa nampelekea uji kila asubuhi, namfulia, namchana nywele, maana mkono mmoja hauwezi. Watu wakanisifu. Siku moja mama mkwe alisema mbele ya wageni kwamba mawifi kama mimi hawazaliwi tena. Nilikuwa na tonge mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na sahani yangu.

Utashangaa kwa nini sikusema. Hata mimi nimejiuliza. Kila siku niliyokaa kimya iliifanya ya kesho yake kuwa ngumu zaidi, na uji ule nilioupeleka ukawa kama namlipa bila yeye kujua anadai nini.

Mwezi uliopita alirudi kazini. Siku ya pili yake, mchana, alikuwa anapiga pasi pindo, mimi nahesabu ndoano. Akasema, "Nipe kile kisu chako."

Nikamuuliza cha nini.

"Nataka unifundishe kukishika. Kila nikikiona moyo unanienda mbio. Sitaki kufanya kazi hii huku naogopa kisu." Akanyoosha mkono uleule, kidole kimoja kimesimama peke yake.

Sikukitoa. Nilimwambia, "Hukukosea kukishika. Kisu ndicho kibovu."

"Kibovu tangu lini?"

"Tangu Januari. Kilinifungia mimi mara mbili kabla yako."

Akaiweka pasi wima. "Na siku ile ulijua?"

"Nilijua. Na nilikufungulia mimi mwenyewe."

Alichomoa waya wa pasi ukutani, akalikunja pazia mara nne, kona kwa kona, kama mtu anayelikabidhi kwa mteja. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Kidole nakusamehe, maana hukutaka kikatike. Lakini mimi nilikuomba radhi. Nilikuomba radhi mbele ya mtu, na wewe ukaipokea." Akachukua mkoba wake, akashuka.

Hakuja siku nne. Katika siku hizo nilimwambia mume wangu, nikamwambia mama mkwe. Mume wangu hakunisemesha siku nzima, na nyumba yetu ile ya makelele ikawa kimya mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa nimejua kwa nini ulikuwa hunitazami usoni."

Nikaenda na kwa mwalimu. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani. Akaniuliza, "Mwenzako anajua umekuja?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi kamwambie. Usijisafishe huku peke yako."

Nilikwenda nikamwambia Kastabini, nikiwa nimesimama kizingitini kwake. Akasema amesikia, akafunga mlango. Kesho yake asubuhi nilimkuta chumba cha mapazia, amevaa viatu vya kutembelea. "Twende dukani," akasema.

Alinifanya niseme mimi. Mama muuzaji alinikumbuka. Nilimweleza yote, na wifi amesimama kando ananisikiliza kama anayehakikisha sipunguzi kitu. Mama yule hakusema, "Nilikuambia." Alikichukua kile cheusi, akakifungua, akakandamiza mgongo wake kwenye meza kwa kiganja kimoja. Kikajikunja mara moja. Akakibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akakivunja makali kwa nyundo, akatupa vipande kwenye debe la vyuma chakavu.

Kisha Kastabini akachagua. Tulikaa pale karibu saa nzima. Alivijaribu sita, kwanza kwa mkono wa kushoto, halafu kwa ule wa kulia wenye kidole kisichokunjika vizuri, kwa sababu alisema kisu cha kila siku lazima kikubali mkono alionao sasa. Alikandamiza, akatikisa, akalowesha kiganja kwa maji akashika tena. Kile cha mbao ulichokisifu, Mjomba, alikikataa. Alisema kinateleza. Alichochukua ni cha chuma cha kijivu kisichong'aa, kifupi, na shingoni kina pete. Ukishakifungua unaizungusha ile pete, na makali hayawezi kurudi mpaka uizungushe tena.

Najua ulimwambia binamu kwamba mpwa wako ndiye anayesikia la mkubwa. Mwambie ukweli, tafadhali. Barua hii mpe aisome. Sitaki kubaki na sifa nyingine ambayo si yangu. Na wewe Mjomba nakuomba unisamehe kwa uongo wa Aprili. Kama utahitaji muda, nitangoja.

Msalimie binamu na mkewe, na yule mjukuu wako anayejifunza kupiga mluzi. Mama anakusalimu sana, anasema goti likikuacha salama uje umwone. Mume wangu naye anakusalimu, kwa sauti ya juu kama kawaida. Nimemuuliza Kastabini kama ana salamu. Amesema nikwambie ule mchoro wako ulikuwa samaki kabisa. Mungu akulinde, akulainishie viungo, na akupe usingizi mzuri huko kwenye baridi.

Tunafanya kazi pamoja kama zamani. Kisu kinakaa mfukoni mwake, si mwangu. Nikiwa juu ya ngazi nikihitaji kukata, namwomba. Anakifungua, anazungusha pete, anakandamiza mgongo wake kwenye mguu wa ngazi, ndipo ananipa. Hajaniita "wifi" tangu siku ile nilipomwambia. Ananiita fundi, kama wateja wanavyoniita. "Shika, fundi," anasema, nami naitika, nashika.

Mpwa wako akupendaye na kukuonea haya,
Fundi Pazia.