Nanga Iliyong'oka Bila Kuvutwa

Jinja, Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, upepo kidogo, na mimi simwamini mtu.

Leo ilikuwa siku yangu ya mwisho ya majaribio kwenye mashua ya tanga inayotembeza wageni ziwani. Nikishindwa, naondoka hapa Nalufenya kwa shangazi, narudi kwetu Nakaloke, karibu na Mbale, kuuza nyanya na Mama. Siidharau kazi hiyo. Ila shule nimemaliza, nilitaka kitu changu.

Nahodha ni Afande Rajabu, askari mstaafu. Mpwa wake anaitaka nafasi hii hii. Afande aliniambia mwenyewe, anacheka. Kwa hiyo juzi aliposema, "Nanga haitaki nguvu, binti, ngoja kwanza," nilijua: anataka mwenye mashua anikute nimekaa kama mgeni.

Leo asubuhi nilimwandikia Mama Zamu, mwenye mashua, kwenye simu: "Afande hataki nifaulu."

Kisha sikungoja. Nilivuta kamba ya nanga kama ninavyovuta jerikeni kisimani kwetu, kwa mgongo wote. Viganja vikachubuka. Nanga haikutikisika topeni.

"Wewe wa Mbale," Afande akasema, "hicho si kisima. Kisima hakisogei. Mashua inasogea."

Mama Zamu alikuwa amesimama ufukweni, anatutazama. Nilitaka kulia.

Nikamtii Afande kwa hasira. Nikavuta kamba iliyolegea tu, nikapumzika, nikaacha mashua isogee yenyewe. Kamba iliposimama wima, nikangoja wimbi lishushe sehemu ya mbele ya mashua, nikaikaza kamba upesi na kuifunga kwenye chuma chake. Nikaachia mikono. Wimbi likatuinua. Hakuna kitu. La pili, hakuna. La tatu, kitu kikaachia chini, kamba ikawa nyepesi.

Mashua ndiyo iliyoing'oa. Mimi nilifunga tu.

"Nani kaitoa?" Mama Zamu akapaza sauti.

"Huyu, peke yake," Afande akajibu. "Mimi nilikuwa nimekaa."

Nimepata kazi. Naanza Jumatatu.

Na bado najiuliza anataka nini. Atamwambia nini mpwa wake? Nimeuchambua wema wake kutwa nzima kama mchele, natafuta mawe. Sijaona hata moja.

Ujumbe wangu ulikuwa haujasomwa. Mama Zamu huacha simu nyumbani. Nimeufuta sasa hivi. Lakini ataona kwamba kuna kitu nilikifuta.

Jumatatu zamu ya kushukiwa itakuwa yangu. Akiniuliza, nitasema ukweli, Afande akisikia.