Yaya, Samaki Walinuka Mazutu

Yaya Riziki, dada yangu mkubwa,

Tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo nakuandikia kwa sababu naogopa, na mtu niliyezoea kukimbilia nikiogopa ni weye.

Wiki mbili zilizopita mtumbwi wa mota uliobeba mapipa ya mazutu, mafuta ya dizeli, ulipasuka ziwani karibu na Tchomia. Siye hapa Bunia hatukujua. Samaki walifika sokoni kama kawaida, nikachukua mmoja mnene. Nilipompasua nilisikia harufu. Nilisikia, Yaya. Nikajiambia ni harufu ya lori lililowaleta, nikaongeza ndimu na pilipili, nikapika. Neema wako alikula vizuri, akaomba na mkia.

Kabla jua halijazama alikuwa anatapika. Alinishika kitenge: "Mama mudogo, tumbo inaniunguza." Muganga wa kituo cha afya aliniuliza mutoto amekula nini. Nikasema muhogo. Niliona haya, nikadanganya, na aliyelala pale ni mutoto uliyeniachia mikononi. Asubuhi nilirudi nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliandika tu.

Neema alipopata nafuu nilimwacha kwa jirani, nikashuka Tchomia kujionea mwenyewe.

Unakumbuka wale ndege weusi wa kuzamia, waliokuwa wanagombania matumbo ya samaki miguuni mwako, weye unawafukuza huku unacheka? Walikuwa wamesimama juu ya mawe, mabawa wazi, hawawezi kuruka. Maji yaling'aa zambarau na kijani, mazuri kabisa kutazama, na uzuri ule ulinitia baridi mwilini. Ndege walikuwa wanajisafisha kwa midomo, na kila wakijisafisha wanameza mazutu. Waliokufa walikuwa wamelala ufuoni, na hata mbwa hawakuwasogelea.

Nilimshika mmoja aliyekuwa bado hai. Nikamwosha kwa sabuni ya kufulia na maji ya vuguvugu, mara tatu, mpaka manyoya yakatakata. Mama Furaha, yule uliyekuwa unafukiza samaki naye, aliniangalia tu. "Acha, dada. Iko ndege tu." Lakini yule ndege alitetemeka mapajani mwangu kama mutoto mwenye malaria, jicho lake kijani likinitazama, halafu akafungua mdomo na hakuufunga tena. Alikufa akiwa safi. Nilichoshindwa kuosha kilikuwa ndani yake. Nikamfikiria Neema.

Nyuma yangu Mama Furaha alikuwa anapanga samaki juu ya moto. Harufu ilikuwa ileile.

"Moshi itaficha," alisema bila kunitazama. "Tulikimbia vita Djugu bila kitu. Ziwa ndiyo shamba yetu sasa. Watoto wangu watakula nini?"

Weye ungemjibu nini, Yaya?

Niliporudi Bunia nilisimama sokoni nikasema nilichokiona. Muuzaji mmoja akasema, "Weye, tutakuonesha." Tangu siku hiyo napita njia ya nyuma nikienda kuchota maji. Neema anacheza tena, lakini amebaki na kikohozi kidogo. Muganga anasema tungoje. Nangoja, Yaya, na kila akikohoa naacha ninachofanya.

Jana Mama Furaha alinipigia simu. Mutoto wake wa mwisho anatapika. Nilimwambia amkimbize kwa muganga, asifiche kitu. Alilia muda mrefu, kisha akasema, "Dada, kuja. Tuwaambie wote huku Tchomia, siye wawili."

Kesho nakwenda. Naogopa wale wanawake wa samaki, naogopa wenye mitumbwi, naogopa hata kuliona lile ziwa. Lakini nakuahidi hivi: sitaanza na kosa la mtu mwingine. Nitasema mbele yao kwamba mimi, mdogo wake Riziki, nilisikia harufu, nikampikia mutoto wako.

Pumzika, dada yangu. Utuombee.

Mdogo wako,
Espérance